Wawili Ndani ya Koti Moja

Gari la Mzee Kipyegon lilikuwa na mwanamke ndani. Ukizungusha ufunguo tu, kabla injini haijanguruma, anasema kwenye spika maneno machache ya Kijapani, kwa adabu, kama karani wa benki. Mzee alikuwa na duka la mbolea na dawa za mifugo mjini Kitale, na mkewe alikuwa amezikwa miaka mitatu nyuma. Yule mwanamke wa gari akisema, Mzee humjibu.

"Nimeamka, mama. Sijui wewe."

Vijana wa kuosha magari walicheka mpaka wakashika magoti.

"Chekeni," Mzee akawaambia. "Kwa ile nyumba yangu, huyu ndiye mtu pekee ananisalimia asubuhi."

Mulongo, mwanamke pekee kati yao, hakucheka. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, akangoja Mzee avuke barabara kwenda kunywa chai, halafu akaingia ndani na ndoo yake ndogo.

Kazi pale kando ya barabara ya Kiminini ilikuwa imegawanywa hivi: wanaume wanashika mashine ya maji, wanaosha nje ambako kunaonekana. Mulongo anaosha ndani. Ndani kunataka uvumilivu. Kuna punje za mahindi chini ya viti, kuna maziwa yaliyomwagika yakagandia kapeti, kuna udongo mwekundu umeingia hata kwa tundu za mikanda. Mtu wa haraka hawezi. Na kwa sababu wa ndani hukaa peke yake, milango imefungwa maji yasiingie, ilikuwa desturi ya pale kwamba mwenye gari anamwachia redio.

Lakini redio ya Mzee ilitengenezwa kwa ajili ya huko ilikotoka. Stesheni za kwetu haikushika, ila moja ya mahubiri, nayo kwa kukwaruza. Kitu ilichokuwa nacho ni CD moja iliyosafiri nayo kutoka Japani, imekwama tumboni. Kitufe cha kuitoa kilikufa zamani.

"Enda," Wakoli, aliyekuwa akishika mashine ya maji, alikuwa akimwambia kila gari lile likiingia. "Mashemeji zako wa Japani wamefika."

Walikuwa wanawake wawili. Neno lao hata moja Mulongo hakulielewa, na baada ya muda akaacha kujali. Mmoja aliimba juu. Sauti yake iling'aa kama sufuria jipya, na hiyo ndiyo kila mtu angeisikia. Mwingine alikuwa chini yake. Ukisikiza haraka haraka utadhani hayupo. Ila ukiacha kusugua, ukatulia, unagundua kwamba yule wa juu amesimama juu ya kitu. Na kila mara kabla yule wa chini hajaingia, inasikika pumzi fupi, kama ya mtu anayejitwika ndoo ya maji.

Pumzi ile Mulongo aliijua. Mama yake alikuwa akimgombeza kwa kuivuta hivyo akiimba. "Wewe, kwani unaimba ama unabeba gunia?"

Kwa Wabukusu mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Mukhwana, anayefuata ni Mulongo, basi. Na hawapewi kitu kimoja. Mtu akija na kuku mmoja kumsalimia mzazi, mama yao alikuwa akimrudisha na kuku wake kwapani. "Kalete mwenzake." Kwa hiyo walikua na kila kitu viwili viwili: vikombe viwili vya bluu, sweta mbili, hata majembe. Waliacha shule pamoja, darasa la nane. Na waliimba pamoja, kanisani kwao Kanduyi na kwenye matanga, wakiitwa mpaka Naitiri. Mukhwana anaimba sauti ya kwanza, Mulongo anamshikia ya pili. Ya kwanza Mulongo hakuwahi kuijaribu. Hata akiwa peke yake mtoni na nguo za kufua, aliimba ya pili, na ile ya kwanza akawa anaisikia tu kichwani, mahali Mukhwana angekuwa.

Mwaka mama yao alipokufa walirekodi nyimbo nne katika studio moja ndogo Bungoma mjini. Baadaye Mukhwana akaolewa na Wabwile, mtu aliyejua mambo ya muziki. Wabwile alisema watu wanakumbuka uso mmoja. Alisema mapacha kwenye kava ni kuchanganya wanunuzi. Alisema pia zile nyimbo nne zilipotea, mashine ilikufa nazo, na alilisema hilo kwa sauti ya huruma kabisa. Mulongo akafunga nguo zake ndani ya leso, akamfuata binamu yake Kitale.

Hapakuwa na ugomvi. Angalau ugomvi mtu anajua arudi wapi kuomba msamaha. Wao waliachana kama maji yanavyokauka kwa kibaraza, unageuka tu unakuta pamekauka. Mukhwana alipiga simu Krismasi. Mulongo alipiga Pasaka. Na kila jioni kwa chumba chake, akipika ugali wa mtu mmoja, Mulongo alikuwa akingoja jambo moja tu, simu ile ilie na Mukhwana aseme, njoo tuimbe.

Kulikuwa na wimbo wa mwisho kwenye ile CD uliomsumbua. Wawili wale wanaanza pamoja, wanakwenda vizuri, halafu katikati yule wa chini ananyamaza. Harudi tena. Sauti moja inabaki huko juu, inamaliza wimbo peke yake. Mulongo aliurudia na kuurudia, akidhani CD imekwaruzwa. Haikuwa imekwaruzwa. Yule wa chini aliondoka tu.

"Ameenda wapi?" akajikuta anauliza kwa sauti, kitambaa mkononi.

Siku moja gari lililetwa na Vivian, bintiye Mzee, aliyekuwa amefunga chuo. Alikaa kiti cha mbele akibofya simu yake wakati Mulongo anapangusa dashibodi.

"Kwani wewe unaipenda hii?" Vivian akauliza.

"Naisikiza tu."

"Ngoja nikutafutie." Akainua simu karibu na spika, ikasikiza kidogo, ikatoa picha. "Ona. Wanaitwa Sayo na Mitsue. Hii ni albamu yao ya tatu. Ai! Si ilivuma! Ilikaa namba moja wiki nyingi, watu zaidi ya milioni walinunua. Na sisi tuko hapa tunaambia baba atupe hii takataka."

Mulongo alifuta mikono kwenye sketi kabla ya kushika simu. Kwenye kava walikuwa wamevaa koti moja, kubwa, la mwanamume. Mmoja ameingiza mkono wake wa kulia, mwingine wa kushoto, na vichwa viwili vinatoka kwenye kola moja. Walikuwa wanacheka kama watu wanaokaribia kuanguka.

"Wa chini ni gani?" Mulongo akauliza.

"Wa chini aje?"

"Anayeimba ya pili."

Vivian akasoma. "Hawajasema. Wameandika tu waimbaji, halafu majina yote mawili."

Mulongo akarudisha simu. Alisugua dashibodi mahali pamoja mpaka Vivian akamwambia imeng'aa, aache.

Mukhwana alipiga mwezi wa nane, siku ya kazi, wakati matope yalikuwa mengi na magari yamepanga foleni. Mulongo aliona jina kwenye kioo cha simu yake ndogo, akatoka mbio mpaka nyuma ya tangi la maji.

"Mulongo! Uko wapi na kelele hivyo?"

"Kazini. Uko salama?"

"Niko salama. Albamu imetoka! Tunazindua Jumamosi ya kesho kutwa, hapa Kanduyi, kwa ukumbi wa kanisa. Lazima uje."

Mulongo akashika ukuta wa tangi. "Nitakuja. Tutaimba gani?"

"Programu Wabwile ameshapanga," Mukhwana akasema. "Ila njoo mapema, dada. Wageni ni wengi na wa kutegemea kwa chakula sina."

"Sawa," Mulongo akasema. "Nitakuja mapema."

Jumamosi alishuka Kanduyi umande haujakauka. Juu ya lango la kanisa walikuwa wametundika bango kubwa, na kwenye bango kulikuwa na uso wa Mukhwana, amepakwa rangi ya mdomo, anatazama mbinguni. Mulongo alisimama chini yake na kisu na ndoo ya viazi. Uso ule ulikuwa wake pia. Wageni walioanza kuingia walimwona, wakatazama juu, wakamtazama tena.

"Msanii wetu!" mama mmoja akamkumbatia. "Ati mpaka unamenya viazi mwenyewe? Huo ndio unyenyekevu. Hebu tupige picha."

"Si mimi, mama. Ni yule mwingine."

"Hata ungekataa, uso haufichiki," mama akasema, akapiga picha, akaenda zake akiwa ameridhika.

Uzinduzi ulianza wageni waheshimiwa walipofika. Mulongo alikuwa nyuma ya ukumbi, dirisha liko wazi, anapakua wali. Kama ilivyo kawaida ya mambo hayo, CD iliwekwa, na Mukhwana akapanda jukwaani na maiki, akaanza kuifuatisha. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa mto, waliokuwa wakiuimba kwenye matanga. Mulongo aliendelea kupakua. Aliambiwa na nafsi yake asisikize, lakini miezi yote ile ndani ya gari la Mzee ilikuwa imeyafundisha masikio yake kushuka chini ya sauti inayong'aa, yakashuka yenyewe.

Chini ya Mukhwana palikuwa na mtu.

Mulongo akasimamisha mwiko. Mstari wa pili ulikuwa unakuja. Kabla haujaingia, kwenye spika zile kubwa, ikasikika pumzi fupi ya mtu anayejitwika ndoo.

Wali ulimwagika kwenye meza. "We dada, uko macho?" mwenzake akamwuliza. Zile nyimbo nne hazikupotea. Alikuwa ndani ya albamu siku zote, na yeye yuko Kitale anakwangua maziwa kwenye kapeti za watu.

Wakati wa zawadi ulipofika watu wakapanga mstari na bahasha zao. Katikati ya mstari alikuwa senge Nasimiyu, dada wa baba yao, amebeba leso mbili mpya zinazofanana. Alimpa Mukhwana moja, halafu akaishika ile nyingine, akawa hashuki.

"Asante sana senge," Wabwile akasema kwenye maiki. "Anayefuata."

"Hakuna anayefuata. Mwenzake ako wapi?"

"Senge, leo ni siku ya Mukhwana."

"Wewe kijana, hawa nimewaosha mimi kwa karai moja. Hawapewi kimoja. Mulongo! We Mulongo! Toka huko kwa masufuria!"

Ukumbi ukacheka. Mulongo alisukumwa na mikono ya watu mpaka jukwaani, aproni ingali kiunoni. Watu walipoona nyuso mbili zimesimama pamoja wakapiga vigelegele. Senge akamfunga leso mabegani, akashuka polepole. Halafu mtu fulani nyuma akapaza sauti, "Waimbe wote!" na ukumbi mzima ukadaka, "Waimbe! Waimbe!"

Wabwile alitabasamu kwa meno tu. Akampa Mulongo maiki, akamfanyia ishara kijana wa mitambo. CD ikaanza tena, wimbo wa mto.

"Fuatisha mdomo tu," Mukhwana akamnong'oneza. "Maiki yako imezimwa."

"Na yako?"

Mukhwana akaisogeza maiki mdomoni. Alikuwa akiangalia watu.

Mulongo akatazama ile maiki yake iliyokufa. Sehemu yake ilikuwa tayari imeimbwa, inatoka kwenye masanduku, nzuri kuliko ambavyo angeweza kuiimba leo. Akafungua mdomo. Mukhwana akafungua wake. Wakasimama pale, mapacha wawili na leso zao, midomo inacheza, na hakuna aliyekuwa anaimba. Watu waliwashangilia mpaka wengine wakalia.

"Kumbe na wewe unajua kuigiza," mama wa picha alimwambia aliposhuka. "Ungedhani ni sauti yako!"

Mukhwana alimkuta nyuma, kwenye masufuria, wageni walipokuwa wanaondoka.

"Ile sauti ni yangu," Mulongo akasema bila kugeuka.

"Ni yako."

"Mlisema zilipotea."

"Wabwile alisema."

"Na wewe?"

Mukhwana akavua viatu vyake virefu, akasimama kwenye nyasi miguu mitupu. "Nilijaribu kuimba ya pili mwenyewe," akasema. "Haki ya Mungu nilijaribu. Ilikuwa kama mtu anajishika mkono mwenyewe kuvuka barabara. Ndio wakaitumia ile yako ya zamani."

"Kwa kava nimeandikwa wapi?"

Mukhwana akachukua sufuria lililokwisha kuoshwa, akaanza kuliosha tena. "Kuna albamu ya pili inakuja. Wabwile amesema unaweza kuja kurekodi. Nauli atatoa."

"Na jina?"

"Si unajua vile yeye hufikiria, Mulongo."

"Nakuuliza wewe. Yeye sijamuuliza."

Honi ililia langoni. Wabwile alikuwa anamwita. Mukhwana alivaa viatu vyake, kimoja kikamshinda, akaondoka akichechemea. "Fikiria," akasema. "Nitakupigia."

Kwa hiyo yale maneno aliyoyangoja yalikuwa yamekuja. Njoo tuimbe. Mulongo alirudi Kitale nayo, akalala nayo, akaamka nayo, na hayakuwa matamu.

Wiki ilipoanza gari la Mzee Kipyegon liliingia limejaa matope mpaka madirishani.

"Agana na Wajapani wako," Mzee akasema. "Vivian amenunua redio ya kioo cha kugusa, inawekwa leo mchana. Ati hata huyu mama wa salamu atanyamaza." Akakaa kidogo na mkono kwenye usukani. "Si nimezoea. Lakini watoto hawaelewi mtu akiwaambia amezoea gari kumwongelesha."

"Mwambie kwaheri," Mulongo akasema.

Mzee akakohoa, akazungusha ufunguo kwa mara nyingine. Mwanamke akasema maneno yake. "Haya mama," Mzee akamjibu. "Umenivumilia sana." Akashuka haraka, akavuka barabara bila kuangalia gari lolote.

Mulongo alifunga milango. Hakugusa ndoo. Alisikiza albamu yote toka mwanzo, mikono mapajani, maji ya Wakoli yakipiga vioo na dunia ya nje imefifia. Wimbo wa mwisho ulipofika aliinamia spika ya mlangoni. Wakaimba pamoja. Wakafika katikati. Yule wa chini akanyamaza, kama siku zote, na yule wa juu akabaki peke yake.

Ila safari hii, kabla ya mstari ule wa upweke, Mulongo alisikia pumzi. Fupi. Ya mtu anayejitwika ndoo.

Akaurudisha. Pumzi ilikuwa pale pale. Akaurudisha tena. Aliyeondoka hakuwa wa chini. Wa juu ndiye aliyenyamaza, na wa chini, bila kumwambia mtu, alipanda, akachukua mahali palipoachwa, akaubeba wimbo mpaka mwisho. Miezi yote ile Mulongo alikuwa amemhurumia mtu asiyehitaji huruma.

Aliketi muda mrefu. Kisha, pole pole, kama mtu anayejaribu kama barafu ya friji itamchoma ulimi, akaimba sauti ya kwanza ya wimbo wa mto. Ilitoka na ukungu. Ilipasuka kwenye mstari wa tatu. Akaanza tena.

Wakoli aligonga kioo. "Mulongo! Nani analia humo?"

"Hakuna analia. Ni mimi naimba."

"Ati wewe?" Akabandika sikio kwenye kioo kilicholowa. "Mbona kama mtu mwingine?"

"Endelea na kazi, bana."

Mchana fundi aliitoa redio, akaifungua kwa bisibisi, na Mzee akamletea ile CD imefungwa kwa karatasi ya risiti. Mulongo hakuwa na kitu cha kuichezea. Aliiweka chumbani, dirishani, na jua la jioni likapiga pale likatupa duara dogo la rangi ukutani juu ya jiko. Alikuwa anapika ugali wa mtu mmoja simu ilipolia.

"Umefikiria?" Mukhwana akauliza. Alikuwa anaongea chini chini, kama mtu aliyetoka nje ili asisikike ndani.

"Nimefikiria. Kwa hiyo albamu siji."

"Mulongo..."

"Ngoja nimalize. Mimi pia nitarekodi. Siku nitakayoweza. Nitaimba ya kwanza. Nataka mtu wa kunishikia ya pili, na kwa kava tutaandikwa wote wawili."

Mbali huko Bungoma mlango ulifunguliwa, ukafungwa.

"Mimi sijawahi kuimba ya pili," Mukhwana akasema hatimaye.

"Najua. Mimi pia ya kwanza sikuwahi."

Mulongo akasogeza sufuria kutoka motoni. Hakungoja jibu. Akasimama katikati ya chumba, simu imebanwa shavuni, akaanza wimbo wa mto, sauti ya kwanza, na ukungu wake. Aliimba mstari mzima peke yake. Ukapasuka mahali ulipozoea kupasuka, akaendelea. Alipofika pale ambapo wa pili huingia, akanyamaza, akangoja.

Kisha akasikia, karibu kabisa na sikio lake, ndugu yake akivuta pumzi.